UZI: Ini limesinyaa, tumbo limejaa maji, sindano imekataa. Tafadhali someni kabla hamjakimbilia duka la dawa

DadaWaKoboko (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, siku ya tatu leo. Uzi utakuwa mrefu, nivumilieni. Haya niliyojifunza wiki hii ningeyajua mwezi uliopita, kaka yangu asingefika hapa.

Kaka ndiye mkubwa kwetu, ana miaka 42. Miaka mitatu iliyopita tumbo lilianza kuvimba, na miguu pia. Nyumbani wakasema amelishwa kitu. Tukazunguka kwa waganga miezi sita, mpaka alipopimwa damu akakutwa na homa ya ini B. Kumbe ameishi nayo tangu utotoni bila kujua. Ini lilikuwa limeshajaa makovu na kusinyaa, ndiyo hiyo wanayoiita sirosisi. Akaanzishiwa tenofoviri, dawa ya kutuliza virusi hivyo, akapewa vidonge vya kukojoza, na chumvi akapigwa marufuku. Tumbo likapungua akarudi shambani, sisi tukashukuru Mungu.

Mwezi uliopita akapata homa ya kawaida tu. Akaenda duka la dawa pale sokoni. Kijana akamkatia vidonge kumi kwa mkasi, vile vya rangi mbili, akavifunga kwenye kipande cha karatasi na kuandika juu yake "1x3". Siku ya tatu akajisikia nafuu, vilivyobaki akavihifadhi. Homa ikarudi. Safari hii siprofloksasini, siku mbili. Ikarudi tena. Akaenda kliniki moja akachomwa seftriaksoni, sindano mbili, pesa ikaisha akarudi nyumbani. Daftari lake la matibabu ninalo hapa mkononi: katika hayo yote hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa.

Jumapili usiku ndipo mambo yalipoharibika, na hapa nawaomba msome polepole. Hakuwa na homa kali. Hakulalamika tumbo. Alianza kuniita kwa jina la marehemu mama yetu. Nikampa kikombe cha uji, akakishika na kukiangalia kama mtu asiyejua ni kitu gani. Mkojo ulikuwa kidogo, rangi ya majani ya chai. Tukadhani ni malaria imepanda kichwani.

Hospitali ya kwanza walimlaza, wakamwekea seftriaksoni ileile siku tatu. Hakuna aliyegusa maji ya tumbo. Akazidi kulala. Tukamhamisha. Hospitali ya pili daktari, binti mdogo tu kwa umri, alimwangalia macho, akambonyeza tumbo, akasema: "Kabla ya kitu chochote nataka maji ya humu ndani." Wajomba wakagoma. Mnajua wenyewe lile neno letu, kwamba mtu akishatobolewa tumbo harudi nyumbani. Nikatia sahihi mimi.

Haikuchukua hata dakika kumi. Sindano upande wa kushoto chini, bomba likavuta maji kidogo. Nilitegemea kuona rangi ya manjano mepesi kama aliyotolewa mwaka juzi. Yalikuwa kama maji uliyooshea mchele. Daktari akayainua kwenye mwanga wa dirisha, akaninyamazia. Sehemu akaitia palepale kitandani kwenye chupa mbili za kuotesha bakteria, nyingine ikaenda kuhesabiwa seli. Jibu la jioni: seli nyeupe za kupigana na bakteria 1,840 kwa kila milimita moja ya ujazo. Akaniambia zikifika 250 tu, maji yale yameshaambukizwa.

Akasema kwa kuwa seftriaksoni imepita siku tatu bila nafuu, hatasubiri. Akaandika meropenemu, gramu moja kila baada ya saa nane. Tukauza mbuzi. Leo asubuhi karatasi ya maabara imetoka: bakteria anaitwa Klebsiella. Mbele ya seftriaksoni kuna R, yaani imekataa. Siprofloksasini R. Septrini R. Jentamisini R. Zenye S, yaani bado zinamuua, ni meropenemu na amikasini peke yake. Asubuhi hiihii wametoa maji tena kulinganisha, tunasubiri.

Ninachoomba kwenu ni kimoja. Kama nyumbani kuna mtu wa ini mwenye maji tumboni, akibadilika tu, awe na homa, asiwe nayo, ameanza kuongea ovyo, mkojo umepungua, anatapika, basi maji yapimwe siku hiyohiyo, na yachukuliwe kabla ya sindano ya kwanza.

Wataalamu mliomo humu nisaidieni. Imekuwaje dawa tatu zikakataa kwa mtu mmoja?

Afande_Mstaafu

Pole sana binti yangu. Kwanza hongera kwa kutia sahihi, hapo ulisimama kama kamanda. Mimi nilimzika rafiki yangu wa jeshini kwa tumbo hilohilo, na sisi ndio tuliokataa asitobolewe. Sikuwahi kujua kwamba kulikuwa na kipimo.

Nina swali. Karatasi inasema amikasini ina S, na naamini hiyo ni rahisi kuliko meropenemu. Kwa nini mkauza mbuzi? Halafu zamani kambini jentamisini ilikuwa inamaliza kila kitu. Au mwili wa mgonjwa ukizoea dawa ndiyo basi tena?

NesiWaUsiku

Dada, pole. Nipo wodi ya magonjwa ya ndani huku Kampala, nimelisoma lote wakati wa zamu.

Mzee wangu afande, nianze na wewe. Amikasini na jentamisini ni ndugu, na zote mbili huumiza figo. Mtu wa sirosisi figo zake zinaishi ukingoni. Damu nyingi imejikusanya kwenye mishipa ya tumbo, figo zinaona kama mwili umekauka, zinajibana. Ukiongeza maambukizi, halafu ukaongeza dawa ya jamii hiyo, figo zinazima. Unaweza ukawaua bakteria wote na ukampoteza mgonjwa. Ndiyo maana S kwenye karatasi haitoshi. Daktari anasoma karatasi pamoja na mtu aliyelala mbele yake.

Kwa sababu hiyohiyo, jamani, msimchome mtu wa ini diklofenaki eti anaumwa mgongo. Wala ibuprofeni. Naona kila wiki.

Dada, je, alipewa albumini?

DadaWaKoboko

Walituandikia. Ana kilo 60, hesabu ikawa gramu 90 siku ya kwanza na gramu 60 siku ya tatu. Chupa moja ina gramu 20. Tuliweza chupa tano kwa jumla. Sikuelewa vizuri inafanya nini, nilisikia tu ni protini.

NesiWaUsiku

Mmefanya vizuri kupata hizo tano, wengi hawapati hata moja. Albumini ndiyo inayoshika maji yakae ndani ya mishipa, figo zipate damu. Mwaka 1999 madaktari wa Hispania walichapisha utafiti wa wagonjwa wenye maambukizi haya haya ya maji ya tumbo: waliopewa antibaiotiki peke yake walikufa hospitalini 29 katika kila 100, waliopewa antibaiotiki na albumini walikufa 10. Dawa ya bakteria ilikuwa ileile. Ndiyo maana huwa naumia nikiona familia imetumia pesa yote kwenye sindano za mtaani, na siku ya albumini hakuna kitu.

MpimaMaabara_Gulu

Nilikuwa napita tu, ila hapa lazima nikae.

Afande, shikamoo. Lile la "mwili kuzoea dawa" nakuomba tuliondoe humu, maana ndilo linalotupotosha. Mwili hauzoei. Anayezoea ni bakteria. Kaka wa dada yetu angekuwa hajawahi kumeza kidonge hata kimoja maisha yake yote, bado angeweza kuokota Klebsiella sugu kutoka kitanda cha jirani, au kwa mkono wa mtu aliyemhudumia. Na yeye anaweza kuwapa wa nyumbani kwake. Usugu unatembea.

Sasa kwa nini watu wa ini? Tumbo la kila mmoja wetu lina bakteria mabilioni, na wametulia. Ukuta wa utumbo unawazuia, na wachache wanaopenya wanapelekwa na damu hadi kwenye ini, ambako kuna seli maalumu za kuwakamata. Ini ni kizuizi cha barabarani. Kwa mtu wa sirosisi ukuta umevimba na unavuja, na damu inapita njia za pembeni bila kufika kizuizini. Wakiingia kwenye yale maji ya tumbo wanakuta bwawa la uvuguvugu lenye ulinzi kidogo mno, kwa sababu protini za kupigana nao zinatengenezwa na ini lilelile lililochoka. Kwa hiyo bakteria waliompata kaka yako huenda walitoka kwenye utumbo wake mwenyewe. Hakuna aliyemlisha kitu, dada. Waambie wajomba.

Na vile vidonge kumi vya sokoni? Vinashuka kwenye utumbo, vinawaua wale dhaifu, wanabaki wenye kimeng'enya cha kukata dawa. Dawa za jamii ya penisilini na seftriaksoni zina kiungo kimoja kama kufuli. Kimeng'enya kile kinalikata kufuli dawa haijafanya lolote. Ubaya zaidi, maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho yapo kwenye kipande kidogo cha urithi ambacho bakteria mmoja humpa mwingine, hata wa aina tofauti, na mara nyingi kipande hichohicho kimebeba na usugu wa siprofloksasini, Septrini na jentamisini. Ndiyo maana karatasi yako ina R nne kwa mpigo. Hazikuja moja moja.

Ndugu zetu wa Tanzania wana neno zuri, UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Sisi huku bado hatuna neno, tunasema tu "sindano imekataa". Hesabu iliyochapishwa mwaka 2022 ilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya usugu wenyewe, na sehemu iliyoumia zaidi kwa kiwango cha vifo ni Afrika kusini mwa Sahara.

Nimefurahi sana kusoma kwamba daktari alitia maji kwenye chupa za kuotesha palepale kitandani. Wengi hutuletea kwenye kichupa kitupu, kimekaa dirishani nusu siku, halafu tunaandika "hakuna kilichoota", na daktari anadhani hakuna bakteria. Ukitia mililita kumi kwenye chupa yenye chakula cha bakteria papo hapo, uwezekano wa kumwona unapanda sana. Na seftriaksoni ikishatangulia, wengi hawaoti tena. Kwako aliota kwa sababu seftriaksoni haikumfanya kitu.

MamaBusia

Mimi sina usomi huo, nauza nguo mpakani. Mume wangu ana ini pia, yake ni ya pombe, waragi, namshukuru Mungu ameacha. Mwaka jana alitapika damu beseni nzima. Walipomfikisha hospitali walimchoma hiyo seftriaksoni siku ileile, na hakuwa na homa wala nini. Sasa nikisoma hapa naogopa, je, walimharibu?

NesiWaUsiku

Hapana mama, hapo walifanya sawasawa kabisa. Mtu wa sirosisi akitapika damu, bakteria hupenya kwa wingi saa zilezile, na gramu moja kwa siku kwa siku chache, hadi saba, inaokoa maisha. Asante kwa kuuliza, maana nisingependa mtu atoke humu akidhani antibaiotiki ni adui. Tunalia kwa sababu tunazihitaji zikiwa na makali siku kama ile ya mume wako. Seftriaksoni Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kuchungwa, na meropenemu ipo kundi hilohilo. Lakini tembea kliniki zetu uone: mafua seftriaksoni, malaria seftriaksoni, kidonda seftriaksoni.

Kijana_Pakwach

Sisi wa kando ya Nile na Ziwa Albert tumbo na kutapika damu mara nyingi ni kichocho. Ni kitu kimoja na hiki?

MpimaMaabara_Gulu

Si kimoja, ndugu. Mayai ya kichocho yanaweka makovu kuzunguka mishipa inayoingia kwenye ini, bandama linakua, mishipa ya koo inapasuka. Lakini seli za ini lenyewe mara nyingi bado zinafanya kazi. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, kichocho na homa ya ini B, na huko kwenu wapo. Apimwe vyote.

Afande_Mstaafu

Nimeelewa kuhusu kuzoea, asante mwalimu. Sasa mtu afanye nini? Duka la dawa lipo mita mia, hospitali ipo kilomita arobaini na boda anataka pesa mbele.

NesiWaUsiku

Afande, swali hilo ndilo gumu kuliko yote na sitakudanganya. Umbali ni kweli, pesa ni kweli. Kwa mtu mwenye homa ya kawaida na ini zima, tungejadili mengine. Kwa mtu mwenye maji tumboni siku moja ya kuchelewa ni nyingi. Takwimu zilizokusanywa kwa miaka mingi zinaonyesha kwamba wagonjwa wa sirosisi wanaopata maambukizi makali, karibu 30 katika kila 100 hufariki ndani ya mwezi mmoja. Na utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia wagonjwa 1,302 katika hospitali 46 za Asia, Ulaya na Amerika ulikuta bakteria sugu kwa dawa nyingi katika asilimia 34, India ikiongoza. Kwa hiyo familia ziweke nauli ya dharura pembeni kama zinavyoweka ada ya shule. Ile pesa ya vidonge kumi, na siprofloksasini, na sindano mbili, ukijumlisha, ilikuwa nauli.

Dada nisamehe, sikulaumu.

DadaWaKoboko

Usiombe msamaha, nimeshaijumlisha mwenyewe hapa kwenye benchi. Ilikuwa nauli na chakula cha siku mbili.

Jibu la maji ya pili limetoka saa kumi na moja jioni. Kutoka 1,840 zimeshuka hadi 610. Daktari alisema baada ya siku mbili akitaka kujua dawa inafanya kazi anaangalia kama zimeshuka walau robo. Zimeshuka theluthi mbili. Na kaka ameniita kwa jina langu. Nimetoka nje kulia.

MpimaMaabara_Gulu

Alhamdulillah. Hiyo 610 ndiyo namba nzuri niliyoisoma wiki hii.

MamaBusia

Tunamshukuru Mungu dada. Ukirudi nyumbani utafanya nini isirudi tena? Jirani yangu ananiambia nimpe baba watoto Septrini kila siku ya kuzuia.

NesiWaUsiku

Mama, kwanza usimwanzishie mwenyewe. Aliyewahi kupata maambukizi haya mara moja, bila kinga, yanaweza kumrudia ndani ya mwaka kwa takriban watu 70 katika 100, ndiyo maana madaktari huandika norfloksasini au Septrini ya kila siku kwa wagonjwa wa namna hiyo. Mume wako hajawahi kupata, na maji ya tumbo hujasema anayo. Kwa kaka wa dada hapa dawa hizo zina R, hivyo ni kumpa mzigo bila ulinzi. Hilo aamue daktari wake.

Kitu kingine kidogo kinachosahaulika: omeprazoli. Watu wengi wa ini wanaimeza miaka kwa sababu ya kiungulia kilichopita zamani. Asidi ya tumbo ni mlinzi dhidi ya bakteria, na omeprazoli ndiyo inayoizima. Ukiizima bila sababu unafungua geti. Muulizeni daktari kama bado inahitajika.

Na watoto wa nyumba hiyo, ndugu wote wa tumbo moja, mke, wapimwe homa ya ini B. Watoto wachanga wa Uganda wanachanjwa tangu mwaka 2002, ila waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawana kinga. Mwaka 2015 serikali ilianza kupima na kuchanja watu wazima kuanzia mikoa ya kaskazini, Nile Magharibi ikiwemo. Nchi nzima ni kama watu wazima 4 katika kila 100 wanaoishi nayo.

DadaWaKoboko

Mimi nimepimwa leo kwenye hospitali hiihii. Sina, na nimechomwa chanjo ya kwanza. Mdogo wetu wa mwisho anayo. Tumemkamata mapema, ini lake bado zima.

DadaWaKoboko (wiki tatu baadaye)

Nimerudi kama nilivyoahidi. Kaka yupo nyumbani. Amekonda, anatembea mpaka kisimani na kurudi. Anataka samaki wetu angara waliokaushwa, nami simpi kwa sababu ya chumvi, nampikia wabichi na ndimu. Omeprazoli imesimamishwa. Kinga ya kila siku hakupewa, daktari alisema kwa bakteria yule hana kidonge cha kukiamini. Badala yake anaonwa kila baada ya wiki mbili, na kukiwa na badiliko lolote maji yanatolewa kwanza.

Ile karatasi ya R na S nimeitoa kopi mbili. Moja nimeibandika kwa gundi ndani ya jalada la daftari lake, juu yake nimefunika kaveera safi, yaani mfuko wa plastiki, isilowe. Kwenye jalada la nje nimeandika kwa kalamu nyekundu: INI. MAJI YA TUMBO YAPIMWE KABLA YA SINDANO. SEFTRIAKSONI, SIPROFLOKSASINI, SEPTRINI, JENTAMISINI ZIMEKATAA. DIKLOFENAKI HAPANA.

Juzi alikuwa na mafua. Akapita dukani kwa yule kijana wa mkasi kununua ndimu na asali, kijana akashika vidonge vya rangi mbili. Kaka akamfungulia daftari. Kijana akasoma lote, taratibu, akauliza R ni nini. Kaka akamweleza kama alivyoelezwa. Ameniambia yule kijana alivirudisha vidonge kwenye kopo, akaomba aipige picha karatasi.

MpimaMaabara_Gulu

Dada, kwenye hiyo kopi hakikisha tarehe ya kipimo inasomeka. Akilazwa tena mwakani watahitaji kujua ni ya lini.

DadaWaKoboko

Inasomeka. Nimeizungushia duara.